Maji ya Vifaranga wa Samaki: Chujio la Sponji au Tangi la Chini?

Chama cha msingi kinachotaka kuwapatia wanachama wake vifaranga wa sato au wa kambale hakiwezi kukwepa hodhi. Vifaranga wanaofika kwa gari kutoka mbali, wakiwa ndani ya mifuko ya plastiki yenye maji na oksijeni, hawafai kumwagwa bwawani saa ile ile wakiwa wamechoka. Yapasa wapumzishwe, wahesabiwe, wakubwa watengwe na wadogo, kisha walishwe kwa siku au majuma kadhaa mpaka kila mwanachama aje kuchukua fungu lake. Kazi hiyo hufanyika ndani ya hodhi la saruji, la plastiki au la kioo, lililo chini ya paa. Na hapo ndipo kamati inapokutana na swali ambalo fundi na muuza vifaa hulijibu kila mmoja kwa namna inayomfaa mwenyewe: je, maji ya hodhi yasafishwe kwa machujio ya sponji yanayoendeshwa kwa hewa, au kwa tangi la pili lililowekwa chini, ambamo maji hushuka, huchujwa, kisha hurudishwa juu kwa pampu?

Makala haya yanakusudia kumsaidia Katibu na wajumbe wa kamati kulijibu swali hilo kabla fedha za wanachama hazijatoka sandukuni. Tuseme tangu mwanzo kwamba hodhi si mahali pa kukuzia samaki wa kuuza kwa kilo. Bwawa la udongo lina mwani wake na tope lake, navyo husafisha maji bila kudai mshahara wala umeme. Mwanachama mwenye bonde na chemchemi asishawishiwe kuacha bwawa na kujenga hodhi. Hodhi ni la kupokelea, kutenganishia, kutunzia wazazi na kugawia. Mwenye kulitumia kwa zaidi ya hayo huko kwetu atajikuta analisha pampu kuliko anavyolisha samaki.

UCHAFU USIOONEKANA

Watu wengi hudhani kuwa kazi ya chujio ni kuondoa tope ili maji yawe maangavu. Hiyo ni kazi moja, wala si ile kubwa. Samaki anapokula, sehemu ya protini ya chakula chake hutoka mwilini, hasa kupitia matamvua, ikiwa katika hali ya amonia. Amonia haina rangi. Maji yaweza kuwa maangavu kama ya chemchemi na bado yakaua hodhi zima kwa usiku mmoja.

Kilo moja ya chakula chenye protini ya asilimia 35 huzaa gramu 30 hivi za nitrojeni ya amonia. Na tuchukue hodhi la mfano, ambalo tutalirudia mara kwa mara: urefu mita 2, upana mita 1, kina cha maji sentimita 60. Hodhi hilo huchukua lita 1,200. Ndani yake wamo vifaranga 1,000, kila mmoja gramu 5, yaani jumla kilo 5. Wakilishwa gramu 200 kwa siku, watatoa gramu 6 za nitrojeni ya amonia, na hizo zikigawanywa kwa lita 1,200 ni miligramu 5 kwa kila lita. Hiyo ni siku moja tu. Ukali wa sumu hiyo hutegemea uchachu wa maji: kipimo cha pH kikiwa 7, sehemu isiyofika moja katika mia ya amonia hiyo ndiyo yenye sumu kali, pH ikipanda hadi 8, sehemu hiyo hufikia kama tano katika mia, na vifaranga huanza kuhema, kukataa chakula na kufa.

Kinachoziokoa roho zao ni vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi vikiwa vimeng'ang'ania mahali: juu ya jiwe, ukutani mwa hodhi, ndani ya matundu ya sponji. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa mpaka maji yabadilishwe. Kwa hiyo chujio lolote, liwe la bei ndogo au kubwa, ni nyumba ya vijidudu hivyo. Anayelinunua hana budi kuuliza mambo matatu: nyumba hiyo ina nafasi kiasi gani, maji hupita ndani yake kwa utaratibu gani, na wakazi wake watapata wapi hewa.

Hewa tunaitaja kwa makusudi. Ili kugeuza gramu 1 ya nitrojeni ya amonia, vijidudu hutumia oksijeni kama gramu 4 na nusu, na hula chokaa iliyoyeyuka majini kiasi cha gramu 7. Katika hodhi letu la mfano hizo ni gramu 40 za chokaa kila siku. Mwenye kutumia maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati azingatie sana hesabu hii, kwa sababu maji hayo hayana chokaa karibu yoyote. Baada ya siku chache maji huchachuka, vijidudu hulegea, na amonia hupanda ingawa chujio ni jipya na pampu inanguruma vizuri. Dawa yake ni mfuko wa wavu uliojaa chokaa ya kilimo yenye chengachenga, au makombe yaliyopondwa, uliowekwa mahali maji yanapopita. Chokaa ya kupakia kuta isitiwe kamwe, kwani hupandisha pH ghafla, na tumekwisha kuona amonia hufanya nini pH inapopanda.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni subira. Vijidudu havizaliani kwa haraka. Katika maji ya joto huchukua majuma manne hadi sita kulijaza chujio jipya, na katika ubaridi wa nyanda zetu huchukua muda zaidi. Njia ya kupunguza muda huo ni kuomba kipande cha sponji iliyokwisha kutumika kutoka kwa mfugaji ambaye samaki wake hawana ugonjwa. Oda ya vifaranga isitangulie chujio.

SPONJI NA HEWA

Chujio la sponji ni chombo sahili kuliko vyote. Bomba wima limepitishwa katikati ya sponji, na mrija mwembamba huleta hewa chini ya bomba hilo. Mapovu yanapopanda, maji yaliyomo bombani huwa mepesi kuliko yale ya nje. Basi maji ya nje husukuma kuingia kupitia matundu ya sponji, na yale ya ndani hupanda na kumwagika juu. Ndani ya maji hakuna kitu kinachozunguka, hakuna waya wa umeme, wala hakuna mdomo wa kumvuta kifaranga. Kifaranga wa kambale aliyeanguliwa juzi, ambaye si mkubwa kuliko punje ya mtama, hupumzika juu ya sponji na kuchakura ute ulioota hapo bila dhara. Na mapovu yale yale yanayosukuma maji ndiyo yanayoyaongezea hewa.

Gharama yake ni ndogo, na uzuri mwingine ni kwamba machujio mengi huweza kulishwa na pampu moja ya hewa. Moja likiziba, mengine huendelea.

Kasoro zake zisifichwe. Sponji haitoi uchafu nje ya hodhi. Huushika tu, na uchafu huo hubaki ukioza ndani ya maji yale yale wanamoishi samaki mpaka mtu aje aikamue. Samaki wazazi, wenye gramu 300 au 400, hutoa kinyesi kingi kiasi kwamba sponji huziba katika siku chache. Tena sponji moja ya lita moja ni nyumba ndogo mno kwa hodhi letu la mfano. Muuzaji anapoandika kwenye boksi kwamba chujio lake latosha lita mia kadhaa, huwa anafikiria samaki wachache wa mapambo sebuleni, wanaotupiwa chakula kidogo mara moja kwa siku. Hafikirii vifaranga elfu wanaokula gramu 200.

Namna ya kuiosha ndiyo inayoamua kama itafaa. Ikamuliwe ndani ya ndoo yenye maji yaliyotekwa hodhini, wala isioshwe kwenye bomba la mjini lenye klorini, kwani klorini huua wakazi wote wa ile nyumba. Yakiwapo machujio manne, yasioshwe yote siku moja. Leo mawili, juma lijalo mawili.

Huulizwa pia kama sponji ya godoro kuukuu yaweza kutumika. Matundu yake ni madogo mno. Huziba upesi, na magodoro mengine yametiwa dawa isiyojulikana. Dodoki nalo huonekana la kufaa kwa macho, na kwa juma moja au mawili hufaa kweli, lakini ni mmea, na mmea ndani ya maji huoza na kuongeza uchafu ule ule tunaoukimbia.

TANGI LA CHINI

Mpango wa pili una hodhi mbili. Maji ya hodhi la juu hufurika kupitia bomba lililosimama, hushuka kwa uzito wake hadi tangi dogo lililo chini, hupita vyumba viwili au vitatu vya kutulizia tope na vya kuchujia, kisha pampu huyarudisha juu. Mafundi wa mambo haya huupenda, na wana sababu. Tope hukusanyika mahali ambapo mtu huweza kulitoa bila kuwasumbua samaki. Nafasi ya kuweka vichujio ni kubwa: mikeka ya sponji, kokoto, vifuniko vya chupa za plastiki, chochote chenye uso mwingi. Maji hubaki kwenye usawa mmoja juu, na jumla ya maji huongezeka, hivyo mabadiliko huja polepole. Chama kinachotunza samaki wazazi wengi mwaka mzima, chenye mtu wa kushinda hapo, kitaona faida yake.

Lakini tangi la chini lina tabia moja ambayo kila kamati inapaswa kuielewa kabla ya kupiga kura: huungana na hodhi la juu kwa mabomba, na pampu ikisimama, maji hujiamulia yenyewe mahali pa kwenda. Katika hodhi letu la mfano, kila sentimita moja ya maji ni lita 20. Ikiwa mdomo wa bomba la kurudishia umezama sentimita 10 chini ya uso wa maji, na bomba halina tundu la kuingizia hewa, umeme ukikatika maji hurudi kinyume kupitia bomba hilo mpaka mdomo uwe wazi: lita 200. Kama tangi la chini ni la lita 200 na kwa kawaida huwa na lita 150, nafasi iliyobaki ni lita 50. Lita 150 zitakuwa sakafuni.

Sasa fikiria hodhi hilo limewekwa wapi. Katika vyama vyetu vingi jengo pekee lenye paa, mlango, kufuli na umeme ni ghala la kahawa. Kahawa ya maganda iliyokaushwa hadi unyevu wa kama asilimia 12 haitaki kuona maji. Lita 150 zikienea chini ya magunia usiku, asubuhi Katibu atakuwa na samaki wazima na kahawa yenye kuvu, na mwenye kahawa hatakubali kuambiwa habari za vifaranga. Kwa maoni yetu, hodhi lolote, la sponji au la tangi la chini, lisiwekwe chumba kimoja na mazao. Lakini hodhi lenye tangi la chini lisiwekwe hata chumba cha jirani, isipokuwa sakafu ya kati iwe na kizingiti na mfereji.

Ajali ya pili ni kinyume cha hiyo. Jani, mfuko au samaki aliyekufa akiziba bomba la kushukia, pampu huendelea kupandisha maji mpaka chumba chake kikauke. Hodhi la juu hufurika, kisha pampu huungua kwa kukosa maji. Kwa sababu hiyo mabomba ya kushukia yawe mawili, la pili likiwa juu kidogo kuliko la kwanza, na kila moja livikwe wavu. Bomba la kurudishia litobolewe tundu dogo karibu na uso wa maji, ili hewa iingie mara tu maji yanapoanza kurudi. Fundi asipewe malipo yake ya mwisho kabla ya kuzima pampu mbele ya kamati, na maji yakaachwa yashuke hadi yatulie. Tena izimwe mara tatu.

Pampu nazo huuzwa kwa maneno matamu. Ile iliyoandikwa lita 3,000 kwa saa hutoa kiasi hicho ikiwa haipandishi maji popote. Ikipandisha mita moja na nusu, mara nyingi hutoa nusu yake au pungufu. Muulize muuzaji jedwali la kimo, na asipokuwa nalo, beba ndoo ya lita 20 na saa, upime mwenyewe dukani.

UMEME NA URITHI WA MILIMA

Nyanda za Karagwe ziko baina ya mita 1,500 na 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na maji hushika oksijeni pungufu kwa kati ya sehemu moja ya sita na moja ya tano kuliko maji ya Tanga au Bagamoyo yenye joto lile lile. Maji ya nyuzi 22 ambayo pwani yangeshika karibu miligramu 8.7 kwa lita, huku kwetu yatashika kama 7.2. Vitabu vingi vya ufugaji wa hodhini viliandikwa na watu wa nchi tambarare. Hesabu zao zikiletwa huku bila kupunguzwa, hodhi hujazwa samaki kuliko linavyoweza kuwapatia pumzi.

Basi umeme ukikatika, muda uliopo ni mfupi. Tuseme maji ya hodhi letu yana miligramu 6 za oksijeni kwa lita. Jumla ni gramu 7 hivi. Vifaranga wa sato huanza kutaabika inaposhuka chini ya miligramu 2, kwa hiyo akiba halisi ni gramu 5 tu. Kilo 5 za vifaranga hutumia gramu mbili na nusu kwa saa. Ni saa mbili, na ni pungufu ya hapo kama uchafu ni mwingi, kwa sababu vijidudu navyo vinapumua. Kambale mkubwa hatajali. Yeye huja juu akavuta hewa ya mwanadamu. Lakini kifaranga wa kambale katika majuma yake mawili ya kwanza bado hana kiungo hicho cha kuvutia hewa, naye hufa kama sato.

Hapa ndipo tofauti ya mipango miwili hii inapokuwa kubwa kuliko mahali pengine pote. Pampu ya hewa ya wati 30 ikifanya kazi saa 24 hutumia uniti 0.72 kwa siku, yaani uniti 22 hivi kwa mwezi wa LUKU. Pampu ya maji ya wati 60 hutumia uniti 43, na mara nyingi hodhi lenye tangi la chini huhitaji pampu ya hewa juu ya hiyo. Zidisha kwa bei ya uniti ya mwezi huo, uandike jumla kwenye makisio. Muhimu zaidi ni saa za giza: betri moja ya volti 12 na amp 100 kwa saa, ikitumiwa nusu tu ili isiharibike, inaweza kuendesha pampu ya hewa ya wati 30 kwa saa 15 au zaidi, na paneli ya jua ya wastani huijaza tena. Betri hiyo hiyo, ikiendesha pampu ya maji pamoja na ya hewa, haitafika alfajiri.

Wenye machujio ya sponji nao wana wajibu wao mdogo. Pampu ya hewa itundikwe juu kuliko uso wa maji. Ikiwekwa sakafuni, siku umeme unapokatika maji yatarudi kupitia mrija na kuingia ndani yake. Na umeme utakaporudi, pampu itakuwa imekufa huku kila mtu akidhani mambo yamekaa sawa. Pia kina cha maji kizingatiwe: pampu ndogo za sebuleni haziwezi kusukuma hewa hadi mita moja chini.

UKUTA WA SPONJI

Iko njia ya kati ambayo haitangazwi sana, labda kwa sababu haimpi mtu nafasi ya kuuza vifaa vingi. Huko Ujerumani, wafugaji wa samaki wa mapambo waliieneza kwa jina la mji wa Hamburg. Badala ya sponji ndogo nyingi, hukatwa mkeka mmoja mnene wa sponji yenye matundu makubwa, ukasimamishwa upande mmoja wa hodhi kutoka ukuta hadi ukuta, kama pazia. Nyuma yake hubaki nafasi ya upana wa kiganja, na humo husimama mabomba ya mapovu yanayorudisha maji mbele. Maji yote ya hodhi hulazimika kupita ndani ya pazia hilo polepole, na mwendo unaopendekezwa ni sentimita 5 hadi 10 kwa dakika.

Katika hodhi letu la mfano pazia lingekuwa na upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 60. Likiwa na unene wa sentimita 5, ni lita 30 za sponji, sawa na machujio madogo 30 ya lita moja moja. Maji yakienda sentimita 5 kwa dakika, ni lita 30 kwa dakika, yaani lita 1,800 kwa saa: hodhi zima hupita chujioni mara moja na nusu kila saa. Mwendo huo wa polepole hauzibi sponji upesi. Pazia lililowekwa vizuri huweza kukaa miezi mingi bila kuguswa, ila tope la sakafuni livutwe kwa mpira mara mbili au tatu kwa juma. Hakuna bomba lililotoka nje ya hodhi, kwa hiyo hakuna mafuriko. Na nguvu yote inayohitajika ni ya pampu ya hewa.

Kwa chama kinachoanza, hii ndiyo njia tunayoipendekeza, pamoja na chujio dogo moja au mawili ya kawaida yanayoelea humo humo, ili siku ya kufungua hodhi la pili pawe na sponji iliyo tayari kuhamishwa. Tangi la chini lingoje mpaka chakula cha siku kipite nusu kilo kwa hodhi la ukubwa huu, na mpaka pawepo mlinzi au mhudumu anayelala hapo na jenereta iliyojaribiwa. Ukubwa wa hodhi peke yake si sababu. Hodhi la lita 3,000 lenye samaki wachache halihitaji tangi la chini, na hodhi la lita 500 lililosongamana laweza kulihitaji.

HESABU YA CHAMA

Mradi wa namna hii ukigharimiwa kwa mkopo, deni lake huingia katika ukomo wa madeni uliopitishwa na Mkutano Mkuu. Katibu asingoje mkaguzi amkumbushe. Daftari la hodhi liwe na safu za tarehe, joto la maji, gramu za chakula, idadi ya waliokufa, saa ambazo umeme haukuwapo, na jina la aliyekuwa zamu. Safu hiyo ya mwisho hasa ya Jumapili na sikukuu. Fedha za wanachama waliolipa kabla zitunzwe katika hesabu ya peke yake, na kila mmoja apewe stakabadhi inayotaja idadi ya vifaranga na siku ya kukabidhiwa, pamoja na maelezo ya nani atabeba hasara wakifa kabla ya siku hiyo. Sisi tunaojua madhara ya butura hatuna haja ya kufundishwa ubaya wa kuuza kitu ambacho bado hakijakomaa.

MAJI YA KUMWAGA

Maji yanayobadilishwa yana nitreti na tope, nayo ni mbolea njema kwa migomba na mboga. Yaelekezwe kibanjani, yasielekezwe mtoni. Sababu kubwa ni samaki wenyewe. Sato tunayemfuga leo hakuwa wa asili katika Ziwa Viktoria. Aliletwa humo katika miaka ya 1950, kama alivyoletwa sangara. Ngege, ambaye uchunguzi wa mwaka 1928 ulimkuta akiwa ndiye samaki mkuu wa wavuvi wa ziwa hilo, alisongwa na kuchanganywa damu na sato hata akatoweka karibu kabisa katika ziwa kubwa, akabaki katika baadhi ya maziwa madogo ya pembeni. Furu nao walipungua mno katika miaka ya 1980 sangara alipoenea, na aina zinazokadiriwa kufika 200 zikapotea. Baadhi ya aina nyingine zimeendelea kuishi ndani ya mahodhi ya vyuo na bustani za wanyama za Ulaya na Marekani, mbali na maji yaliyowazaa.

Mito na vijito vyetu hushuka kwenye Mto Kagera na kwenye maziwa yaliyomo ndani na kandokando ya hifadhi za Rumanyika-Karagwe, Ibanda-Kyerwa na Burigi-Chato, zilizotangazwa kuwa Hifadhi za Taifa mwaka 2019. Kifaranga mmoja anayepenya bombani yaweza kuwa si kitu, lakini hodhi humwagwa kila juma mwaka mzima. Tundu la kutolea maji lifungwe wavu wa matundu madogo kuliko kichwa cha kifaranga mdogo kabisa, na maji yapitie shimo la changarawe kabla ya kufika shambani. Afisa Uvuvi wa Wilaya aonwe kabla ya kuleta vifaranga kutoka nje ya wilaya, aseme ni aina gani inayoruhusiwa na kibali gani kinatakiwa, na nakala ya kibali hicho itunzwe ndani ya jalada la mradi pamoja na hati ya kuwapokea vifaranga.